Folda Iliyomkatalia Komeo

Kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Komeo, na jina hilo alilipata kwa haki. Kampuni yao ilichora ramani za majengo. Mkurugenzi alipoachia sehemu kubwa ya ofisi na kuwaambia wachoraji wakafanyie kazi majumbani mwao, ramani zote zilibaki kwenye seva moja, na mlinzi wa seva hiyo akawa yeye. Mchoraji akiomba kufunguliwa folda ya mradi usio wake, Komeo alimwuliza ya nini, ya muda gani, na nani kamtuma. Akiridhika alimfungulia. Asiporidhika, alimzungusha mtu mpaka akasahau alichokuwa anakitafuta.

Lakini alikuwa na mwiko wake, na tuseme ukweli, alikuwa akijitapa nao. Funguo zote ninazo, alipenda kusema, ila vyumba si vyangu. Tangu ashike kazi ile hakuwahi kufungua faili la mtu bila kuitwa na mwenyewe. Naibu wa Mkurugenzi aliwahi kumwomba achungulie kidogo tu kilichoandikwa na mchoraji mmoja mkorofi, na Komeo alimkatalia kwa uso mkavu, kisha akarudi nyumbani akamsimulia mkewe habari hiyo mpaka chakula kikapoa.

Nyumbani alikuwa hivyohivyo. Mkoba wa mkewe ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebule, hatua chache kutoka alipoweka meza yake ya kazi. Mke akimwita kutoka chumbani amtolee miwani iliyomo mkobani, Komeo aliutungua mkoba wote na kumpelekea ulivyo, zipu imefungwa. Mke alimcheka kila mara. Alimwambia kwamba humo hamna nyoka. Yeye alijibu kwamba hajui kilichomo na hataki kujua.

Tatizo lake lilikuwa mdomo. Seva ilimwonyesha nani ameingia na folda ipi iko wazi, ingawa haikumwonyesha kilichoandikwa ndani, na Komeo hakuweza kukaa kimya na utamu huo. Mchoraji akipiga simu kwa shida ndogo, angemwambia, "Naona ile ghala umeifungua tangu asubuhi, matofali yamekuwa mazito?" Au angemwuliza mhasibu kama leo godoro lilimkatalia kuamka, maana jina lake limechelewa kutokea. Watu walicheka huko kwenye simu. Yeye alidhani wanacheka.

Basi asubuhi moja mhasibu akapiga. Mhasibu huyu alikuwa rafiki wa mkewe wa kufa na kuzikana, ndiyo maana alimwita Komeo shemeji. Alisema kuna folda inamkatalia. Ameambiwa aweke kitu chake humo kabla ya kesho, na kila akijaribu anaambiwa hana ruhusa.

"Folda gani?" Komeo aliuliza, huku akiwa tayari ameweka vidole kwenye vitufe.

"Hii ya Maoni."

"Maoni ya nini?"

Upande wa pili kulisikika kikohozi cha mtu asiye na kifua. "Basi, shemeji, achana nayo. Imeshakubali."

Imekubali vipi, na yeye hajagusa kitu? Simu ikakatwa. Komeo alibaki ameishika sikioni kama mtu aliyeachwa na gari kituoni. Katika kazi yake, mlango hauwezi kujifungua wenyewe. Ama ameufungua yeye, ama kuna mwingine mwenye ufunguo.

Aliitafuta folda hiyo na kuikuta ndani ya folda ya Mkurugenzi mwenyewe. Akaibofya. Si kwamba alitaka kusoma, alijiambia, anajaribu kitasa tu aone kama kimeharibika. Kioo cha kompyuta kikamwandikia: Huna ruhusa ya kufungua folda hii.

Jamani. Ujumbe ule alikuwa amewaelezea watu tangu siku ya kwanza kazini, akiwatuliza kwa sauti ya daktari, lakini kuambiwa yeye hakuwahi. Alibofya tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba kipanya ndicho chenye makosa. Huna ruhusa.

Mwenye folda, kwa taratibu za seva, ana haki ya kumtoa yeyote, hata msimamizi. Hilo Komeo alilijua. Ila Mkurugenzi alikuwa mama ambaye kwenye vikao vya mtandaoni alishindwa hata kuzima maikrofoni, watu wakamsikia akigombana na paka. Mtu wa namna hiyo hawezi kumtoa msimamizi kwenye folda peke yake. Amefundishwa. Na aliyemfundisha anaijua seva, tena anaijua kwa kumtazama Komeo akiifanya kazi.

Akafungua lile jedwali linaloonyesha walioingia kwa wakati huo. Ndani ya Maoni kulikuwa na watu wawili. Mmoja ni Mkurugenzi. Wa pili ni mkewe.

Nyumba yao ilikuwa ndogo, na chumba cha binti yao kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa mbao. Mchana, binti akiwa shule, mke alifanyia kazi humo, mezani kati ya kitanda na dirisha. Alikuwa mchoraji wa ngazi. Kila jengo la kampuni lililokuwa na ghorofa lilipitia mikononi mwake, na Komeo alizoea kuwaambia watu kwamba ameoa mwanamke anayejua kupanda. Sasa alimsikia akivuta kiti nyuma ya ukuta ule. Alisikia pia kwamba anazungumza, kwa sauti ya chini, na kisha amenyamaza.

Alimimina chai kwenye kikombe, chai ambayo hakuna aliyeiomba, akaingia nayo. Mke alishtuka kidogo. Kwenye kioo kulikuwa na ngazi kweli, lakini Komeo aliwahi kuona dirisha lingine likishushwa chini upesi, namna watoto wanavyoficha mchezo mzazi akitokea.

Alimwuliza anafanya nini. Mke akasema anashughulika na ngazi ya zahanati, machela haipindi kwenye kona, imebidi apanue. Kisha akajikuna sikio. Mkewe hakujua kudanganya, na kila alipojaribu, sikio la kushoto lilimwasha. Komeo aliijua siri hiyo tangu uchumba na hakuwahi kumwambia.

Angeweza kumwuliza waziwazi. Mlango ulikuwa wazi, mke alikuwa mbele yake, na hakukuwa na mtu mwingine nyumbani. Lakini mtu mwenye shaka hapendi kuuliza, maana akijibiwa itabidi aamini. Aliweka chai mezani akatoka.

Kesho yake ilimlazimu kwenda ofisini, kwa sababu feni ya seva ilikuwa imeanza kukoroma. Seva ilikaa kwenye kijichumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya ndoo na mafagio, na harufu ya sabuni ya sakafu haikuwahi kutoka. Komeo alipiga magoti akaifungua, akaanza kupuliza vumbi. Alipoinua macho, Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na shali lake mabegani.

Alimwuliza habari za nyumbani. Alimwuliza habari za binti. Alimwuliza kama mgongo wake haumsumbui kwa kuinama vile. Komeo alijibu yote, akijiuliza kuna nini, kwa sababu Mkurugenzi hakuwa mtu wa kuuliza habari za mgongo.

"Kesho mchana nitaomba seva isiguswe, mwanangu," alisema hatimaye. "Hata ikilia, iache ilie. Wewe pumzika."

Mwanangu. Mama huyu alimwita mtu mwanangu kwa nadra sana, na Komeo alikumbuka vizuri mara ya mwisho. Alimwita hivyo mlinzi wa getini, siku aliyomwambia kwamba geti halihitaji tena mlinzi. Mlinzi alitoka pale amebeba redio yake na kiti chake cha plastiki, na hakurudi.

Kabla hajameza hilo akapita Naibu, mdogo wake Mkurugenzi, marashi yakimtangulia. Alikuwa na simu mkononi na haraka zake za kila siku. "Bosi wa funguo, hujambo? Msalimie mkeo. Mwambie sauti yake imefika, tena safi kabisa." Alipokwisha kusema, akamtazama dada yake, kisha akaitazama simu yake kwa bidii kubwa, na akaondoka bila kuaga.

Sauti yake imefika wapi? Komeo alirudisha skrubu za seva bila kuziangalia, mpaka moja ikamponyoka ikapotelea chini ya kabati. Aliiacha. Kichwani alikuwa anaunganisha mambo, na kila alichounganisha kilikaa sawasawa. Mkurugenzi anamwita mwanangu. Naibu anapokea sauti ya mkewe. Mkewe ameingia kwenye folda ambayo yeye amefungiwa nje, na pengine ndiye aliyeifunga. Mara alifikiri wanamwondoa kazini na mkewe anawaonyesha mahali pa kuzika. Mara alifikiri jambo baya zaidi, la marashi yale, na hilo lilimchoma njiani kurudi nyumbani mpaka akasimama katikati ya barabara na mwendesha baiskeli akamtukana.

Jioni alimkuta mke jikoni. Alimpa salamu za Naibu, akamtazama. Mke aliendelea kukoroga sufuria.

"Alisema sauti yako imefika," Komeo akasema.

"Ah, simu ilikuwa inakatika juzi. Kikazi tu." Na mkono ukapanda sikioni.

Alikula bila kuonja. Binti yao alisimulia kisa kirefu cha mwalimu aliyekalia chaki, wakacheka wote wawili, mama na mwana, na Komeo akaona hata kile kicheko kina mpango ndani yake. Siku ile walilala kila mtu ameangalia upande wake.

Siku ya tatu mke aliamka na mapema akavaa vizuri, gauni la kutokea, ijapokuwa hakuwa anatoka. Baada ya chakula cha mchana alimwambia kwamba ana kikao cha mtandaoni na akamwomba asije na chai. Alisema kwa upole, akamgusa bega. Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango. Mlango ule haukuwa na kitasa kizuri, na Komeo akamsikia akisogeza kiti kuuzuia kwa ndani.

Kile kiti ndicho kilichommaliza. Mke wake wa ndoa anamzuia kwa kiti, ndani ya nyumba yao.

Sasa, njia ilikuwepo. Msimamizi akitolewa kwenye folda anaweza kujimilikisha: anaiambia seva kwamba kuanzia sasa mwenye folda ni yeye, na seva, ambayo haina haya wala huruma, inakubali. Komeo alikuwa amewafundisha mafundi wenzake kwamba njia hiyo ni ya msiba tu, mtu akifa na kazi zake zikabaki ndani. Aliwaonya pia kwamba seva itauliza swali moja, kama umiliki ubadilishwe hata kwa vyote vilivyomo, na kwamba ukijibu ndiyo kwa pupa, ruhusa za zamani zinafutika zote, huyu na yule wanabaki nje, na wewe hujui nani alikuwa na nini. Andikeni kwanza nani anaruhusiwa, aliwaambia. Kisha ndipo mguse.

Alivaa hedifoni, akabofya. Swali likatokea. Akajibu ndiyo kabla hajalimaliza kulisoma.

Folda ikafunguka. Haikuwa na barua wala ramani. Ilijaa rekodi za sauti, kila moja na cheo cha mwenyewe, kwa kuwa Mkurugenzi alikuwa amechoka kusoma na siku hizi aliwataka watu waseme badala ya kuandika. Ya juu kabisa ilikuwa ya mhasibu. Komeo akaifungua.

Mhasibu alianza kwa kusafisha koo. Alisema hasemi kwamba shemeji yake ni mtu mbaya. Ila anajua mtu ameamka saa ngapi na ameacha nini wazi, na akishajua hivyo, atashindwaje kujua alichokiandika? Siku hizi, alisema, akitaka kumwandikia dada yake habari za ugonjwa wake, anafunga kompyuta ya kazi na kuifunika kitambaa. Mchoraji wa paa alisema anahisi mtu amesimama nyuma ya kiti chake kutwa nzima, nyumbani kwake mwenyewe. Mwingine, mwenye sauti aliyozoea kutaniana nayo, alisema huwa anacheka Komeo akimtania kwa sababu anaogopa asipocheka.

Hivi ndivyo wanavyomwona? Yeye, ambaye hajawahi kufungua hata aya moja ya mtu? Alitaka kuwapigia wote, mmoja mmoja, awaambie. Kisha akaona rekodi iliyoandikwa Mchoraji wa ngazi, na akasahau wengine wote.

Sauti ya mkewe ilimjia masikioni karibu kuliko alivyozoea kuisikia ikipita ukutani.

"Mimi ni mke wake, kwa hiyo mtasema namtetea. Sawa, namtetea. Mdomo wake unaudhi, na mimi mwenyewe nimemwambia, hasikii. Wenzangu wana haki ya kuudhika. Lakini kusema kwamba anasoma mambo ya watu, hapo nakataa. Nikimwomba anitolee miwani kwenye mkoba wangu, ananiletea mkoba mzima. Miaka yote hii. Sijui kama mnanielewa."

Kiti kikalia. Komeo alikitambua kiti kile.

"Mama, mimi ndiye niliyekufundisha kumtoa kwenye folda hii, ili watu waseme bila woga, na kumficha kumeniuma. Yeye akitaka kuingia ataingia, njia anaijua. Ila akiingia itaonekana, maana jina la mwenye folda litabadilika. Basi siku ya kikao, kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, angalieni jina hilo kwanza. Mkilikuta bado ni la kwako Mama, basi watu wote watakuwa wamejionea wenyewe yeye ni mtu wa namna gani. Mimi sina wasiwasi. Ndiyo hayo tu."

Rekodi ikaisha.

Komeo alivua hedifoni. Kwa muda mfupi, na hili lilimtia aibu baadaye, alijawa na furaha. Alipendwa. Aliaminiwa na mtu aliyelala naye na kuamka naye, na hakukuwa na marashi wala kaburi. Halafu macho yake yakashuka hadi chini ya dirisha lile, penye jina la mwenye folda, akasoma jina lake mwenyewe.

Akaruka kwenye vitufe. Angemrudishia Mkurugenzi umiliki, hilo liliwezekana. Aliandika cheo chake, akakosea, akafuta, akaandika tena. Ruhusa za wengine angezikisia. Nani alikuwa anasikiliza tu? Nani alikuwa anaweka rekodi? Hakuandika kwanza. Yeye, aliyewahubiria wenzake, hakuandika.

Nyuma ya ukuta wa mbao alisikia sauti ya Mkurugenzi ikitoka kwenye spika ya mkewe, ikilalamika kwamba folda yake mwenyewe inamwambia hana ruhusa. Alimsikia Naibu akisema ngoja, mwonyeshe kila mtu kioo chako, bonyeza hapo, hapo penye jina. Kisha hakusikia kitu. Watu wote wale, kila mmoja nyumbani kwake, walikuwa wamenyamaza kwa pamoja, na ukimya huo ulipita kwenye mbao kwa urahisi kuliko sauti.

Kiti kikasogezwa. Mlango ukafunguka. Mke alisimama hapo na gauni lake la kutokea.

Komeo alianza kusema kwamba seva ilikuwa na hitilafu tangu feni ilipoanza kukoroma. Sentensi hiyo aliianza na hakuimaliza, kwa kuwa mke alikuwa anatazama hedifoni zilizokuwa mezani.

"Umesikiliza yangu?" aliuliza.

"Nimesikiliza."

"Yote?"

"Yote. Nilidhani... Nilikuona humo. Na Naibu, na kile kiti. Ungeniambia."

"Niliomba niruhusiwe kukuambia. Mama akasema mpaka kikao kiishe, isije ikaonekana tumepangana." Sauti yake haikupanda. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. "Na wewe ungeniuliza. Nilikaa hapo mezani siku mbili nikisubiri uniulize. Ungeniuliza mara moja tu, ningevunja amri ya Mama nikakuambia."

Komeo alisogeza hedifoni pembeni.

Mke akamwambia kwamba Mkurugenzi anataka kikao kiendelee, kwa hiyo arudishe ruhusa. Alimtajia nani na nani, taratibu, na Komeo akawaweka mmoja baada ya mwingine, akitii. Walipofika kwenye jina la mke mwenyewe, alimgeukia.

"Mimi nipe na ruhusa ya kufuta."

"Kufuta nini?"

"Changu."

"Usifute," alisema Komeo. "Hayo uliyosema yalikuwa kweli. Yalikuwa kweli mpaka leo mchana."

"Ndiyo maana."

Kulikuwa na kisanduku kidogo kimeandikwa Kufuta. Mara ngapi watu walimbembeleza kisanduku hicho akakataa, akawauliza cha nini, cha muda gani, na nani kawatuma. Hakumwuliza mkewe. Alikiwekea alama, akahifadhi. Mke alirudi chumbani, na safari hii hakuweka kiti. Komeo alisikia kitufe kimoja kikibonyezwa. Kwenye kioo chake mstari wa Mchoraji wa ngazi ukatoweka, na rekodi ya mhasibu ikabaki juu kama ilivyokuwa.

Baadaye Mkurugenzi alimpigia. Hakumwita mwanangu. Alimwambia kwamba hatamfukuza, kwa sababu walalamikaji wenyewe hawakuomba afukuzwe, na mhasibu alikuwa analia kikaoni. Ila kuanzia wiki ijayo atakuja fundi mwingine, na hakuna mlango utakaofunguliwa bila wote wawili kukubali. Alimwuliza kama ana la kusema. Komeo akasema ni kweli aliifungua, aliifungua mwenyewe, na mkewe hakujua. Hilo la mwisho alilirudia ili lisikike vizuri. Mkurugenzi akasema wamesikia.

Jioni binti alirudi na begi lake akawakuta kimya, akadhani kuna msiba, akauliza nani. Mama yake akamwambia hakuna, akaoge. Mke alikaa kitini na ramani ya zahanati magotini, akaikunjia macho, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Akapapasa juu ya meza kutafuta miwani.

Komeo alikuwa ameshainuka. Mkono wake ulikuwa umefika msumarini, umeshika ukanda wa mkoba, kama unavyofanya siku zote.

"Kaa tu," mke alisema. "Nitachukua mwenyewe."

Aliinuka, akamzunguka, akautoa mkoba mkononi mwake bila kumvuta. Hakuufungua pale. Aliingia nao chumbani, na aliporudi alikuwa na miwani peke yake.